Mkaa Shambani: Chakula cha Udongo au Sumu?

(Uchambuzi huu ulisomwa redioni katika kipindi cha kila juma. Tunauchapa hapa kwa ajili ya waliokosa kuusikia, na kwa wale wanaopenda kuutunza.)

Leo tunaingia shambani, na tunaingia tukiwa tumebeba mkaa.

Kwa mkazi wa Ngara au Biharamulo neno mkaa lina maana moja tu: moto wa jikoni, na gunia lililosimama kando ya barabara likingoja gari la kwenda mjini. Lakini miaka hii neno hilo limepata maana ya pili. Bei ya mbolea za viwandani ilipopanda sana mwaka 2022, watu wengi walianza kutafuta njia nyingine ya kulisha mashamba yaliyochoka. Moja ya njia zinazotajwa kwenye semina za kilimo ni kuchukua mabaki ya mazao, kuyachoma kwa hewa kidogo mpaka yawe mkaa, kuusaga na kuuchanganya na udongo. Wataalamu huuita mkaa huo bayocha. Sisi leo tutauita mkaa wa shamba.

Wanaousifia wanasema mengi mema. Wanaouogopa nao wana maswali yao. Je, mkaa huo hauna sumu? Hauui wadudu wema wa ardhini? Hautachafua maji ya visima? Na zaidi ya yote, je, hautakuwa kisingizio kipya cha kumaliza miti iliyobaki? Maswali haya si ya kubezwa. Yanastahili majibu, na majibu yenyewe si "ndiyo" wala "hapana" ya moja kwa moja.

Tuanze na mkaa wenyewe. Ukichoma bua la mtama mahali pa wazi, linaungua lote na kubaki jivu jeupe. Ukilichoma mahali ambapo hewa ya oksijeni haifiki vizuri, gesi na mvuke hutoka na kuungua, na kinachobaki ni kaboni nyeusi. Kaboni hiyo ina vitundu vidogo vidogo visivyohesabika, na ndani ya vitundu hivyo maji na virutubisho hupata mahali pa kujishikiza. Tena haiozi upesi. Samadi au majani ukiyafukia leo, baada ya misimu michache yamekwisha. Mkaa unaweza kukaa ardhini miaka mia na zaidi.

Jambo hili si geni duniani. Huko Amerika ya Kusini, katika bonde la mto Amazon, kuna maeneo yenye udongo mweusi wenye rutuba katikati ya udongo mwekundu usiozaa. Udongo huo ulitengenezwa na wakazi wa zamani, karne nyingi kabla Wazungu hawajafika, kwa kutupa mahali pamoja mkaa, mifupa, majivu na takataka za jikoni. Hapa Afrika, mwaka 2016 watafiti walieleza udongo wa namna hiyo hiyo katika vijiji vya Liberia na Ghana, nao ulitokana hasa na kazi ya akina mama waliokuwa wakimwaga mabaki ya moto na ya chakula nyuma ya nyumba. Na wewe msikilizaji wa Kagera, hebu tazama migomba iliyo karibu na jiko la bibi yako. Kwa nini hiyo ndiyo minene kuliko yote? Wazee wetu hawakuwa na neno bayocha, lakini kazi waliijua.

Sasa tuje karibu zaidi, maana ushahidi mzuri tunao katika mkoa huu huu. Wilayani Karagwe, mashirika ya MAVUNO na CHEMA yalishirikiana na watafiti wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin, Ujerumani. Walitengeneza majiko yanayopika chakula huku yakiacha mkaa. Walijenga vyoo vinavyotenganisha mkojo na kinyesi. Kisha kinyesi kile kilitiwa katika tanuri la udongo na kupashwa joto la nyuzi 65 au zaidi, kwa muda wa kutosha kuua vijidudu na mayai ya minyoo, ndipo kikachanganywa na mkaa, mkojo na mabaki mengine kuwa mboji.

Mboji hiyo ilijaribiwa shambani kwa mahindi, maharage, kabichi na vitunguu, na matokeo yakachapishwa mwaka 2016. Mahindi yaliyopata mboji yenye mkaa yalitoa mavuno ya takriban mara nne ya yale ya udongo mtupu. Tindikali ya udongo ilipungua: kipimo chake, kile kinachoitwa pH, kilipanda kutoka 5.3 hadi 5.9. Na fosforasi, ambayo ndiyo kilio kikubwa cha udongo ule, iliongezeka mara kadhaa.

Lakini hapa, ndugu msikilizaji, tusikie vizuri. Kilichofanya kazi Karagwe hakikuwa mkaa peke yake. Ilikuwa mboji yenye mkaa ndani yake, pamoja na mkojo na kinyesi kilichosafishwa kwa joto, vitu vyenye virutubisho vingi. Mtu akikuambia "mwaga mkaa upate mavuno mara nne", amekupa nusu ya habari. Mkaa ni kama ghala. Ghala zuri linatunza nafaka, lakini ghala halizai nafaka. Ukijenga ghala tupu, utalala njaa ukilitazama.

Tena mkaa haufanyi kazi sawa kila mahali. Mwaka 2017 watafiti walikusanya majaribio mengi ya nchi mbalimbali. Wakaona kwamba katika nchi za joto kama yetu mavuno yaliongezeka kwa wastani wa asilimia 25, lakini katika nchi za baridi hakukuwa na ongezeko la maana. Sababu kubwa ni kwamba udongo wetu mwingi umelowa mvua karne nyingi, umekuwa na tindikali na umepoteza nguvu, kwa hiyo mkaa unaufanyia kazi kama ya chokaa. Magharibi mwa Kenya nako, utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba mashamba yaliyochoka kabisa ndiyo yaliyofaidika zaidi, na yale yaliyokuwa bado na nguvu yalifaidika kidogo. Kwa maneno mengine, mgonjwa ndiye anayehitaji dawa. Mwenye afya hana haja nayo.

Tugeukie hatari zenyewe. Nitazitaja moja moja.

Hatari ya kwanza ni kile unachokichoma. Mkaa hurithi tabia ya mzazi wake. Magunzi ya mahindi, maganda ya kahawa, mabua ya maharage na pumba za mpunga hutoa mkaa usio na shaka kubwa. Lakini ukichoma mbao zilizopakwa rangi, au vipande vya nguzo za umeme zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa, unachukua madini mazito kama shaba, kromiamu na aseniki, unayakusanya pamoja na kuyapeleka shambani. Moto hauyaui madini. Majani na kuni huungua, madini hubaki, na kwa kuwa kilo zimepungua, ukali wake katika kila kilo umeongezeka. Vivyo hivyo mifuko ya plastiki, matairi na takataka za sokoni. Na ndugu zetu wa Biharamulo walio karibu na machimbo ya dhahabu, msichukue majani wala miti iliyoota juu ya marundo ya marudio, mahali ambapo zebaki imetumika.

Hatari ya pili ni moshi unaorudi. Mkaa usipoiva vizuri, moshi wake huganda juu yake kama lami. Katika lami hiyo kuna kemikali ambazo baadhi yake husababisha saratani. Ndiyo maana cheti cha Ulaya cha mkaa wa kilimo, kilichoanzishwa mwaka 2012, kinaweka mpaka: kemikali hizo zisizidi gramu 6 katika tani moja ya mkaa. Sisi hatuna maabara kila kata. Lakini tuna pua na mikono. Mkaa ulioiva hauna harufu ya moshi. Ukivunjwa hulia kama kigae. Ukiushika, weusi wake hutoka kwa maji matupu. Ukiona mikono inanata, na weusi hautoki mpaka kwa sabuni, mkaa huo una lami. Usiupeleke kwenye mchicha.

Hatari ya tatu ni vumbi. Mkaa mkavu ukisagwa hutoa vumbi linaloingia mapafuni, na mara nyingi anayesaga ni mama mwenye mtoto mgongoni. Pumba za mpunga zina jambo la ziada: zina silika nyingi, na zikichomwa kwa joto kali mno silika hiyo hugeuka chembe ngumu zinazojeruhi mapafu. Dawa yake ni rahisi, nayo ni maji. Lowanisha mkaa kabla ya kuusaga, kabla ya kuubeba na kabla ya kuumwaga. Maji hayo pia yanazuia ajali nyingine. Mkaa unaoonekana umezimika unaweza kuficha kaa la moto ndani, na katika kiangazi chetu cha Juni hadi Agosti kaa moja linatosha kuteketeza kilima kizima.

Hatari ya nne imo ndani ya udongo. Mkaa mpya ambao haujalishwa kitu unapowekwa ardhini huanza kwa kujilisha wenyewe: hunyonya naitrojeni na virutubisho vingine, na mazao ya msimu wa kwanza yanaweza kuwa ya njano. Pia hushika dawa. Mkulima akipiga dawa ya kuua magugu ya kwenye udongo, sehemu ya dawa hunaswa na mkaa, magugu hayafi, naye huongeza kipimo. Hapo jambo lililoanza kama kinga limeishia kuwa dawa nyingi zaidi shambani. Nyungunyungu nao, wale minyoo wanaotulimia bila malipo, hukimbia mkaa mkavu au wenye majivu makali, ingawa mkaa uliolowanishwa hauwasumbui hivyo.

Hatari ya tano ni ile ninayoiona kubwa kuliko hizo nne, nayo ni kwamba mkaa hautoki. Sifa yake ndiyo kosa lake. Ukikosea mbolea ya chumvichumvi, mvua za misimu michache zitakusamehe. Ukikosea mkaa, umewakosea wajukuu, maana hakuna chombo cha kuuchuja shamba zima na kuutoa. Wazee walisema maji yakimwagika hayazoleki. Mkaa wenye sumu nao, ukishachanganyika na udongo, hauzoleki.

Je, maana yake tuuogope? La. Maana yake tuanze kidogo, na tupime kabla ya kusambaza. Vipimo viwili kila mkulima anaviweza. Chukua makopo sita. Matatu jaza udongo wa shamba, matatu mengine udongo huo huo uliochanganywa na mkaa. Panda mbegu za maharage idadi sawa, mwagilia sawa, subiri siku kumi. Kama za kwenye mkaa zimechelewa au zimedumaa, mkaa huo una kasoro. Kipimo cha pili ni cha nyungunyungu. Chukua beseni, weka udongo mtupu upande mmoja na wenye mkaa upande wa pili, vyote viwe na unyevu. Weka nyungunyungu kumi katikati, funika, na baada ya siku mbili wahesabu. Kama wote wamehamia upande mmoja kuukimbia mkaa, wamekupa jibu. Hawa si mabingwa wa chuo, lakini si waongo.

Sasa tuongee juu ya msitu, maana hapa ndipo penye kidonda chetu. Aprili 1994 watu wanaokadiriwa kuwa 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, wakiikimbia Rwanda. Kambi ya Benaco ikawa mji mkubwa kwa usiku mmoja, na kila familia ilihitaji kuni za kupikia. Waliporudi kwao, Desemba 1996, vilima vingi vya Ngara vilikuwa vimebaki na nyasi na visiki. Hatuwalaumu wakimbizi. Mtu mwenye mtoto mwenye njaa hukata mti ulio karibu. Lakini tulijifunza jinsi mti unavyoondoka upesi na kurudi polepole. Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Burigi, Biharamulo na Kimisi yaliunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, na kwa hiyo mahali pa kukata pamepungua zaidi.

Tupige hesabu. Kiasi ambacho majaribio mengi hutumia ni tani 10 za mkaa kwa hekta, yaani kilo moja kwa kila mita moja ya mraba. Kwa ekari moja ni tani 4. Hata ukiwa fundi mzuri, na ukapata robo ya uzito wa ulichochoma, utahitaji tani 16 za mabaki makavu. Ni mkulima gani wa Rulenge mwenye tani 16 za magunzi? Hana. Kwa hiyo atakayeahidi kuyafunika mashamba yetu yote kwa mkaa, ama atakata miti, ama atachukua matandazo ya migomba. Yote mawili ni hasara. Matandazo ndiyo yanayozuia mvua ya vuli isiteremshe udongo wa kilimani mpaka mtoni. Ukiyachoma yote ili upate mkaa, umevua shati ili ushone mfuko.

Na hata ile hoja ya hewa, kwamba mkaa hufungia kaboni ardhini na kusaidia dunia isipate joto zaidi, inategemea ulichokichoma na namna ulivyokichoma. Tanuri letu la kawaida la kufukia kwa udongo, linalofuka moshi siku nyingi, hupoteza zaidi ya nusu ya kaboni hewani, na pamoja nayo hutoka methani, gesi inayoongeza joto kuliko hewa ya ukaa. Ukikata mti mzima uliokuwa unakua, ukauchoma hivyo, kisha ukajisifu kwamba umeokoa hewa, hesabu haikubaliani nawe.

Njia iliyo salama zaidi ni ndogo na ya nyumbani. Chimba shimo lenye umbo la faneli, pana juu na jembamba chini. Washa moto mdogo chini, kisha ongeza mabaki makavu tabaka kwa tabaka. Kila mara tabaka la juu linapoanza kuwa na jivu jeupe, weka jingine. Ndimi za moto zilizo juu huunguza moshi na kuzuia hewa isifike kwenye mkaa wa chini. Mabaki lazima yawe makavu, maana mabichi ndiyo yanayoleta moshi na lami. Mwisho mwaga maji mengi mpaka kila kaa lizimike. Au tumia jiko linaloacha mkaa, kama lile la Karagwe, upate chakula na mkaa kwa kuni zile zile.

Ukishapata mkaa, usiupeleke shambani ukiwa mtupu. Utandaze kwenye zizi la ng'ombe au mbuzi unywe mkojo, au uchanganye na mboji kwa majuma kadhaa. Kisha usimwage shamba zima. Weka kiganja kimoja au viwili katika shimo la kupandia mahindi, au beseni moja lililochanganywa na samadi katika shimo la mgomba mpya. Hivyo kidogo ulichonacho kinafika penye mizizi. Wala usihofu kwamba utarudia kila mwaka. Majaribio yaliyofanyika Kenya yalionyesha faida ikiendelea kwa miaka 10.

Wanaotaka kutumia kinyesi cha binadamu nao nawaambia wazi: pasipo joto lile la nyuzi 65 lililodumu, msithubutu. Mkaa hauui mayai ya minyoo. Moto ndio unaoyaua.

Kabla ya kumaliza, neno moja juu ya fedha. Mwaka 2022 serikali ilitoa kanuni za biashara ya kaboni, na kipo Kituo cha Taifa cha Kusimamia Kaboni katika Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Mkaa wa shamba ni mojawapo ya bidhaa ambazo makampuni ya nje hununua kama hati za kaboni. Si vibaya mkulima kulipwa kwa kazi njema. Lakini akija mgeni na mkataba, kikundi kiulize maswali manne. Mabaki yatatoka wapi? Nani ameupima mkaa, na vipimo viko wapi? Anayelipwa ni nani na kwa muda gani? Na ikigundulika miaka mitano baadaye kwamba udongo umeharibika, nani atawajibika? Kama swali hilo la mwisho halina jibu ndani ya karatasi, kalamu na ikae mfukoni. Serikali ya kijiji na afisa ugani waone mkataba kabla ya kidole gumba kutiwa wino, na mambo ya udongo yaulizwe kituo cha utafiti wa kilimo cha Maruku, ambacho kinatuhudumia sisi wa Kagera.

Basi, ndugu msikilizaji, kwa yule aliyeuliza kama mkaa wa shamba ni salama, jibu letu ni hili. Ni salama ukitoka kwenye mabaki safi ambayo shamba haliyahitaji, ukiiva bila lami, ukilowanishwa, ukilishwa samadi au mboji, na ukiwekwa kidogo mahali palipochoka. Ukikosa mojawapo ya hayo, una walakini. Ukitoka kwenye msitu, si salama hata ukiwa safi kama maji ya chemchemi.

Mvua za msimu ujao hazijafika. Muda wa kujaribu makopo sita bado upo. Hadi juma lijalo, nawatakia kazi njema.